Sauti ya Kubeba Begani

Mpiga gitaa anayeijua modela yake, kifaa cha kidijitali kinachoiga ampu, hutambulika kwa vitu alivyovifuta. Kifaa hicho hutoka kiwandani na mamia ya sauti zilizokwisha kupangwa, ziitwazo preseti, na siku za mwanzo kila mwenye nacho huzionja zote, mchana kutwa, hedifoni masikioni, na ni haki yake. Mpiga solo ninayemwandika hapa, mtu wa bendi ya dansi katika kumbi za Dar es Salaam, amebakiza nne. Moja ni ya kupiga chini ya waimbaji. Ya pili ni ya solo. Ya tatu ni ya chemko, pale waimbaji wanaponyamaza na magitaa yanaachiwa uwanja. Ya nne haina kitu ndani yake zaidi ya ampu na kabati la spika, haina mwangwi wala mtetemo, nayo ameiweka kwa ajili ya usiku ambao lolote linaweza kuharibika. Ukizisikiliza kwa haraka utadhani ni sauti moja. Ukitulia nazo unaanza kusikia ni kazi kiasi gani imefanyika ili zifanane hivyo.

Gitaa la umeme likiachwa bila amplifaya halina sauti ya kumtoa mtu kitini. Sehemu kubwa ya utamu wake hutengenezwa mbele ya waya: kwenye valvu zinapopata moto na kuanza kulemewa, kwenye transfoma, kwenye karatasi ya spika ambayo haiwezi kutoa ukali wote unaopelekewa. Leo Fender huko California alitengeneza ampu zenye sauti safi, inayong'aa. Mwaka 1962 duka la Jim Marshall jijini London likachukua muundo wa Fender Bassman, likaujenga kwa vifaa vilivyopatikana Uingereza, na ikatoka sauti ya ukoo mwingine. Tofauti ndogo za namna hiyo, valvu hii badala ya ile, spika hii badala ya ile, ndizo modela inazojaribu kuziiga kwa hesabu. Ndani yake mna kompyuta inayoipima sauti ya gitaa, kwa kawaida mara 48,000 kila sekunde, na kila kipimo kinapitishwa kwenye hesabu za ampu isiyokuwepo.

Safari ya vifaa hivi si ndefu. Roland walitoa VG-8 mwaka 1995. Line 6 wakatoa POD mwaka 1998, na studio nyingi duniani zikaizoea. Mwaka 2006 ikaja Axe-Fx ya Fractal Audio. Mjerumani Christoph Kemper akaja na njia nyingine: kifaa chake huipigia ampu halisi milio ya kupimia, husikiliza inavyojibu, kisha huhifadhi tabia yake. Helix ikafuata mwaka 2015, baadaye Quad Cortex ya Neural DSP kutoka Finland, na siku hizi ipo Neural Amp Modeler, programu ya bure ya Steven Atkinson, inayojifunza kuiga ampu kwa kulinganisha sauti iliyoingia na iliyotoka. Wachina nao wanatengeneza visanduku vya bei nafuu ambavyo havichekeshi tena. Ubishi wa kipi kinaiga vizuri zaidi unaweza kukesha, na mimi nimeuchoka. Ukumbi ukishajaa watu na chupa za bia, tofauti hiyo haisikiki, hata na mpigaji mwenyewe.

Kwetu jambo hili lina uzito wa ziada kwa sababu ya historia ya vyombo. Katika muziki wa dansi wa Tanzania, mwanamuziki kwa muda mrefu hakuwa na vyombo vyake. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ikaja kuwa chini ya Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, na herufi DDC zikakaa mbele ya jina lake. Super Matimila ya Remmy Ongala ilibeba jina la mfanyabiashara mwenye vyombo. Mpiga gitaa alipohama bendi, na walihama sana, aliondoka na vidole vyake tu. Ampu ilibaki, na pamoja nayo spika iliyochakaa kwa namna yake na marekebisho ya fundi aliyekuwa akiihudumia, yaani nusu ya kile kilichowafanya watu waseme "hilo ni gitaa la fulani". Alikokwenda alikuta ampu nyingine, akaanza kuitafuta sauti yake upya kwa vitufe vitatu.

Leo sauti hiyo inaingia kwenye begi. Anayeibeba ameimiliki, na kwa kuwa ameimiliki hana wa kumlaumu. Zamani ikikoroma, ni ampu ya tajiri. Sasa ikikoroma, ni yeye. Ninachokistahi kwa mpiga solo huyu ni jinsi alivyoupokea upande huo wa pili wa umiliki, akaugeuza kuwa ufundi.

Alipokuwa akichagua kifaa hakuanza na orodha ya ampu zilizomo. Matangazo mengi ya modela yametengenezwa kwa ajili ya wapiga roki na metali, na sifa zake hupimwa kwa gitaa lililopasuliwa sauti. Solo la dansi linataka kinyume: noti safi, inayotoka upesi chini ya kidole, yenye mwili wa kutosha kupenya kati ya saksafoni na tumba, na mwangwi kidogo nyuma yake. Kwa kazi hiyo ampu mbili zinatosha, moja ya namna ya Fender Twin Reverb na nyingine ya namna ya Roland Jazz Chorus, ile iliyotoka mwaka 1975 bila valvu hata moja. Karibu kila modela inazo. Na msidhani usafi ni rahisi. Mpasuko huficha mengi, ila noti safi ikikatika au ikichelewa, kila mtu anaisikia.

Kwa hiyo maswali yake yalikuwa ya matumizi. Vitufe vya mguu ni vingapi, na vimeachana vya kutosha kwa kiatu gizani? Kioo kinasomeka taa za jukwaa zikikipiga? Kifaa kina tundu la XLR la kupeleka sauti moja kwa moja kwenye mikisa, au jeki peke yake? Ukihama kutoka preseti moja kwenda nyingine, sauti inakatika kwa muda gani? Hilo la mwisho linavitofautisha vifaa kwelikweli. Katika vingi, kubadilisha preseti nzima huacha mwanya mfupi wa ukimya, na mwanya huo ukiangukia kwenye kuingia chemko, wachezaji wanaujua kwa miguu. Njia yake ni kuweka kila kitu ndani ya preseti moja, kisha kubadilisha hali za vipengele vyake tu, kuwasha hiki na kuzima kile. Zile nne zake, kwa hesabu ya kifaa, ni moja yenye sura nne.

Swali jingine aliloliuliza halina uzito kwa mtu wa mji ambao umeme haukatiki: kikizimika ghafla, kinachukua muda gani kuwaka? Vipo vya sekunde chache, na vipo vinavyokaribia dakika nzima, maana ni kompyuta, vina mfumo wa kuamsha kwanza. Ampu ya transista umeme ukirudi inalia papo hapo. Mpiga besi amekwisha kuingia, wewe bado unatazama nembo ya kampuni ikizunguka kwenye kioo. Yeye alilimaliza hilo kwa UPS ndogo ya kompyuta, iliyokaa nyuma ya spika ya jukwaani. Modela hula umeme kidogo, hivyo UPS ya kawaida inaishikilia hadi jenereta lichukue kazi. Lakini aliijaribu kwanza kwa kuchomoa waya wa ukutani huku akipiga, kwa kuwa baadhi ya UPS za bei rahisi zikiingia kwenye betri hutoa umeme mchafu, na uchafu huo unasikika kwenye gitaa. Ya kwanza aliyoijaribu dukani aliirudisha kaunta palepale.

Adapta nazo ni sura nzima. HX Stomp ya Line 6, kwa mfano, inataka volti 9 na ampea 3. Adapta nyingi za pedali zina volti hizohizo, ila ampea zake hazifiki hata moja. Kifaa kitakataa kuwaka, au kitawaka na kujizima katikati ya kazi, na mwenyewe ataenda kutangaza kwamba modela ni takataka. Kuna pia suala la chanya na hasi, lipi liko katikati ya plagi. Katika vifaa vya gitaa mara nyingi ni hasi, wakati adapta za vifaa vingine vya nyumbani huwa kinyume. Mpiga solo huyu ameandika volti, ampea na mchoro wa ncha kwa kalamu ya wino mzito kwenye utepe mweupe, akaubandika kwenye tumbo la kifaa. Mtu yeyote wa bendi anaweza kutumwa Kariakoo na picha ya utepe ule.

Sasa kabati, maana hapa ndipo wengi huumbuka. Spika ya gitaa ya inchi 12 hutoa kidogo sana juu ya hezi 5,000 hivi. Spika za ukumbi zina honi zinazopanda hadi karibu hezi 20,000. Ukipeleka kwenye mikisa sauti ya ampu ambayo haijapita kwenye spika ya gitaa, au kwenye mfano wake, honi zitatoa kila kitu ambacho ile karatasi ingekizuia, na gitaa litalia kama nyuki waliochokozwa. Dawa ni faili fupi liitwalo impalsi: kabati halisi lilipigiwa mlio mbele ya maiki, jibu lake likarekodiwa, na sasa kila noti inapitishwa humo. Geuza mambo, ukute ukumbi una ampu ya gitaa jukwaani na wewe umechomeka modela mbele yake. Hapo una kabati juu ya kabati, na sauti inaziba. Impalsi lazima izimwe, na ampu hiyo ikiwa na tundu la kurudishia pedali nyuma yake, heri kuchomeka huko ili kuikwepa hatua yake ya kwanza. Wengi hukumbuka haya wakiwa tayari jukwaani. Yeye ameigawa njia ndani ya kifaa: inayotokea XLR imepita kwenye impalsi, inayotokea jeki haijapita. Akikuta mikisa peke yake, sawa. Akikuta ampu, sawa. Akivikuta vyote viwili, anapeleka kila kimoja chake.

Sauti zake nne hakuzimalizia nyumbani. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sikio halisikii besi na ukali kwa kiasi kilekile sauti inapopanda au kushuka. Kwa sauti ya chumbani, besi na ukali hufifia, nawe unaviongeza ili gitaa lipendeze. Ukifika ukumbini ukapandisha, vyote ulivyoviongeza vinakurudia kwa nguvu: chini kunavuma, juu kunachoma, na katikati, ambako gitaa linaishi, pana shimo. Ndiyo sababu sauti nyingi za kiwandani hupendeza dukani na kufa jukwaani. Mpiga solo wetu hufika mchana, viti vikiwa bado vimepangwa juu ya meza, akapiga kwa sauti ya shoo yenyewe. Kisha humpa gitaa kijana wa rizimu, naye hutembea hadi kule kaunta ya vinywaji, akasikiliza akiwa amewapa spika mgongo. Hukata chini ya hezi 100, ingawa waya mnene wa gitaa unaanzia kwenye hezi 82, kwa kuwa eneo hilo ni la besi na ngoma ya mguu, na mgeni hapaswi kulala sebuleni kwao. Juu hukata kuanzia hezi 6,000 hivi. Akivaa hedifoni na kusikiliza gitaa lake peke yake, sauti hiyo ni nyembamba kidogo, wala haimsumbui.

Kila kitu chake ni mono. Kumbi zetu nyingi zimeunganishwa hivyo, na korasi ya stirio ikibanwa kwenye njia moja, pande zake mbili zinaweza kufutana na gitaa likapungua kila linapozunguka. Ni hasara ndogo kwa mtu aliyevutiwa na upana ule wa hedifoni, lakini ni hasara anayoilipa nyumbani badala ya kuilipa mbele za watu.

Jioni huja wakati wa kuunganisha, na fundi mitambo wa ukumbi huwa na haraka zake.

"Shikamoo Mwalimu. Unaniunguzia hapa," anasema, akionyesha taa nyekundu ya chaneli.

"Marahaba. Hiyo uliyopewa ni laini, fundi, siyo maiki. Acha nikushushie."

Anaingia kwenye mipangilio, anageuza toleo la XLR kutoka kiwango cha laini kwenda kiwango cha maiki, na taa inazimika. Hakumwambia fundi apunguze chochote. Angeweza, na fundi angepunguza, kisha angesahau na kupandisha tena katikati ya wimbo wa tatu. Anaomba pia volti 48 za maiki zizimwe kwenye chaneli yake, akitumia neno tafadhali. Nimeona wapiga gitaa wakigombana na mafundi mitambo kana kwamba hawatategemeana usiku kucha.

Mkoromo ukitokea, na hutokea, utaratibu wake haubadiliki hata bendi nzima ikimtazama. Kwanza anashusha sauti ya gitaa kwenye gitaa lenyewe hadi mwisho. Mkoromo ukinyamaza, ulikuwa unaingilia kwenye gitaa: anageuka polepole mahali aliposimama, na ukipungua kila anapogeukia upande fulani, pikapu zinanasa transfoma au taa za karibu, hivyo anahama hatua mbili. Mkoromo usiponyamaza, tatizo liko mbele. Anachomoa waya wa gitaa kwenye modela. Kisha anaondoa ampu ya jukwaani, abaki na mikisa tu. Ukitoweka hapo, amekwisha kumjua adui: njia mbili za ardhi, moja kupitia plagi ya ampu na nyingine kupitia waya wa mikisa, na umeme unazunguka kati yake. Anabonyeza kitufe cha kutenganisha ardhi kilicho pembeni ya tundu la XLR. Kifaa kisichokuwa nacho kinahitaji kisanduku cha DI chenye transfoma katikati, au angalau vyote viwili vichomekwe kwenye soketi moja.

Kuna watu wanaomaliza mkoromo kwa kung'oa pini ya ardhi kwenye plagi ya ukutani. Hapa sina upole. Mpiga gitaa ameshika nyaya za chuma zilizounganishwa na ardhi ya kifaa chake, mdomo wake uko kwenye maiki iliyounganishwa na ardhi ya mikisa. Kifaa kikipata hitilafu na pini ile haipo, njia inayobaki ni mwili wake. Wanamuziki wamekufa jukwaani kwa namna hiyo.

Lalamiko moja huwa halimtoki kirahisi: sauti "inachelewa". Modela nzuri huchukua milisekunde mbili au tatu kutoka waya unaoingia hadi unaotoka, na sauti hewani husafiri sentimita 34 hivi kwa milisekunde. Ni sawa na kusogea mita moja kutoka kwenye ampu, umbali ambao hakuna mpiga gitaa aliyewahi kuulalamikia. Lakini ongeza kifaa cha kidijitali cha kupigia bila waya, ongeza mikisa ya kidijitali, ongeza monita iliyowekwa mbali, kila kimoja na milisekunde zake, na vidole vinaanza kuhisi. Kifaa cha bila waya alikiacha. Alirudia waya wa mita sita, na wa akiba wa urefu huohuo.

Sehemu ya kazi yake ninayoipenda kuliko zote haimo kwenye kifaa chake peke yake. Dansi husukwa kwa magitaa matatu juu ya besi: solo, second solo na rizimu, kila moja likijaza nafasi ambayo jingine limeiacha. Vijana wawili wa bendi yake nao wakanunua modela, na mwanzoni wote watatu wakachagua sauti ileile nzuri ya Twin Reverb. Kila mmoja akipiga peke yake ilikuwa raha. Pamoja, msuko ukapotea. Ukawa ukuta mmoja, na kila aliyejiona hasikiki akajipandisha. Zamani shida hii ilipungua yenyewe, kwa kuwa ampu tatu za ukumbi hazikuwahi kufanana, moja ilikuwa mpya, nyingine imechoka, ya tatu ya besi iliyoazimwa.

Akawaita mchana, wakakaa chini na vifaa vitatu. Rizimu ikapewa ampu ya namna ya Vox, ikakatwa chini zaidi, ikaachiwa ule mchakacho wa juu unaotembea na matoazi ya dramu. Second solo ikashushwa ukali na kuongezewa mwili karibu na hezi 500, pamoja na mtetemo kidogo. Solo lake likabaki na eneo la kati ya hezi 1,000 na 2,000, na ile sura yake ya solo haikuongezwa sauti ila kidogo tu. Iliinuliwa hapo katikati, ikatosha kulitoa mbele bila kumkanyaga mwimbaji. Kisha wakapiga mizunguko ileile ya chemko, mmoja akinyamaza na kurudi, mpaka kila mtu akaweza kuyataja magitaa yote matatu akiwa amefumba macho. Mipangilio wakaihifadhi kwenye flashi tatu, na wakakubaliana kwamba hakuna anayesasisha programu ya kifaa siku ya shoo.

Jumamosi iliyofuata fundi mitambo aliweka chaneli tatu za magitaa kwenye kiwango kimoja, akaziacha. Usiku mzima alihangaika na maiki za waimbaji, mbili kati yake zikiwa na waya mbovu, na hizo zilikuwa mali ya ukumbi.